Bomba Jekundu na Pamba ya Mayu Nyanzobe

Sogezeni viti karibu, ninyi mliokabidhiwa funguo za stoo yangu, msikilize kidogo. Nimestaafu mwezi uliopita, lakini simu yangu haijastaafu. Juzi Neema, ambaye sasa ndiye anayesimamia bustani na njia za chuo, alinitumia picha ya nyufa za pevingi, yale matofali ya njia, zilizojaa majani, na chini yake akaandika: "Mama, nipulize nini hapa?" Swali lina maneno matatu na neno "Mama". Jibu lake lilinichukua miaka thelathini na moja, na sehemu yake kubwa nilijifunza kwa kukosea. Nimeona niliandike lote, mlisome ninyi watatu mliobaki kazini, ili makosa yangu yasiende bure.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Havioteshi gugu wala haviliui.

Siku ya kwanza nilifika chuoni, hapa nje kidogo ya mji wa Bariadi, nikiwa nimevaa viatu vya kanisani. Mimi ni mtoto wa Lamadi. Kwetu tulianika dagaa na kukaanga sato, na mchanga wa ufukweni haukuwa na mtu wa kuupalilia. Nilidhani kazi ya mazingira ni kumwagilia maua. Mzee Mabula, mtu wa Sola kule Maswa, ndiye aliyekuwa msimamizi. Alitazama viatu vyangu, akatazama njia ya wanafunzi wenye baiskeli, akanipa kisu kilichofuliwa kutoka kipande cha springi ya lori, kilichopinda kama kidole kinachokuita.

"Unaitwa nani?"

"Kabula."

"Na huyu?" Akaonyesha jani lililotambaa kwenye udongo, lenye kaua ka njano.

"Simjui, Mzee."

"Utamuuaje mtu usiyemjua jina?"

Huyo alikuwa mbigili, mwenye miiba inayotoboa tairi. Wiki nzima ya kwanza sikufanya kazi nyingine ila kujifunza majina, huku wapishi wakipita na kuniuliza kama samaki wa Lamadi nao wana mizizi. Nilijifunza kwamba mbigili huishi msimu mmoja tu, kwa hiyo ukimng'oa kabla hajatoa mbegu umemshinda. Ndago ana vitunguu vidogo chini ya ardhi, na ukimkata juu anacheka. Ukoka ni rafiki akiwa kwenye uwanja wa nyasi, na ni mwizi akiingia kwenye njia. Nawaambia hivi, wanangu: ujuzi huu wa majina ndio ulionilisha miaka yote. Watu wengi huingia duka la pembejeo wakisema "nipe dawa ya magugu," na muuzaji huwapa iliyo karibu na mkono wake.

Miaka miwili ya mwanzo tulifanya kazi kwa jembe, fyekeo na visu vya springi. Halafu chuo kikapanuka. Njia ya magari kutoka getini ikawekwa moramu, njia za miguu zikatandikwa pevingi, na mbele ya bwalo la chakula ikajengwa baraza ya mawe bapa ambayo wageni huketi jioni. Sisi tulibaki walewale wawili. Ndipo likanunuliwa bomba la kupulizia, lile la kubeba mgongoni, na mimi, kwa kuwa nilikuwa kijana na nilisoma lebo bila miwani, nikakabidhiwa.

Hapo nieleze dawa, maana ndilo swali la Neema. Nitaeleza kama nilivyokuja kuzielewa, bila majina ya dukani, kwa sababu majina ya dukani hubadilika kila msimu lakini tabia hazibadiliki.

Ipo dawa ya kuunguza. Inaua pale tu ilipogusa. Ni nzuri kwa majani madogo ya msimu mmoja kwenye nyufa, lakini ukimpulizia ndago atakauka siku tatu kisha atarudi kukusalimia. Ipo dawa ya kupenya, inayoingia kwa jani na kushuka mpaka mizizi. Hiyo ndiyo ya ndago na sangari, zile nyasi za mizizi inayotambaa, na hata hivyo utarudia. Ila inataka jani bichi, safi, linalokua. Mimi nilikuwa nafyeka kwanza ndipo napuliza, nikijiona mwenye bidii, mpaka Mzee Mabula aliponiuliza, kama nimekata mdomo wa mgonjwa, dawa nitamnywesha wapi.

Kosa jingine lilikuwa maji. Kiangazi nilichanganya dawa hiyo ya kupenya na maji ya lambo, yale yenye rangi ya chai ya maziwa, na magugu yakaendelea kustawi kama yamepigwa mbolea. Dawa ile hushikana na udongo, hata udongo ulio ndani ya maji, na ikishashikana haina nguvu tena. Tumieni maji maangavu. Ni kwa sababu hiyohiyo jani lenye vumbi la barabarani halifi vizuri.

Ipo ya tatu, ya kuzuia mbegu zisiote, inayokaa udongoni miezi. Watu huipenda kwa njia za magari kwa sababu unapuliza mara moja na kulala. Mimi sikuwahi kuitumia kwenye njia yetu ya moramu. Njia ile inateremka, na mvua ya hapa ikinyesha inanyesha kweli. Kinachowekwa juu kinashuka kwenye shamba lililo nje ya uzio. Tena mizizi ya miarobaini ya getini inapita chini yake. Palipo tambarare, mbali na mti na mbali na mfereji, labda. Petu, hapana.

Na ipo ya nne, inayochagua. Inaua yenye majani mapana, kama mbigili, na kuacha jamii ya nyasi. Ya kawaida zaidi ni ile iliyoandikwa 2,4-D kwenye lebo. Shikeni jina hilo, maana hapo ndipo hadithi yangu inapoanza.

Shamba nililolitaja nje ya uzio lilikuwa la Mayu Nyanzobe. Mayu kwa Kisukuma ni mama, na yeye alikuwa mama wa kila mtu aliyepita pale, hata waliomzidi umri. Alikuwa mjane, na katikati ya kiwanja chake, nyuma ya shamba, zilisimama kuta za nyumba ya tofali ambazo zilikuwa zimeona masika mawili bila paa. Yeye na watoto walilala kwenye nyumba ya zamani ya nyasi iliyoanza kuinama. Mwaka ule alikuwa amelima pamba ekari mbili, na kila aliyemsalimu "Mwangaluka, mayu" asubuhi alijibiwa salamu kisha akaonyeshwa pamba: "Unaona? Hilo ndilo bati langu linaota."

Mimi wakati huo nilikuwa nahangaika na mbigili kando ya njia za pevingi. Pembeni kulikuwa na ukoka mzuri ambao mkuu wa chuo aliupenda kuliko baadhi ya walimu, kwa hiyo nilitaka dawa itakayoua mbigili na kuacha ukoka. Nikachagua 2,4-D. Nataka mlione hili vizuri: kwa njia ile, uchaguzi ulikuwa sahihi. Nilipuliza asubuhi, upepo umetulia, nozeli, mdomo wa bomba, iko chini karibu na ardhi, nimevaa mabuti, glavu na barakoa. Mbigili walikunjamana wakafa, ukoka ukabaki unang'aa. Mkuu alinipa mkono. Nilitembea siku ile kama nimeolewa upya.

Nikasuuza bomba kwa maji mara moja, nikalitundika.

Siku mbili baadaye Mayu Nyanzobe alikuja kwenye uzio. Funza wa vitumba walikuwa wameingia kwenye pamba, na mpini wa bomba lake ulikuwa umevunjika. Ninyi mliokulia huku mnajua: msimu wa pamba bomba haliwi la mtu mmoja. Linatoka nyumba hii linaingia ile, na mwenye kulificha hukumbukwa kwa hilo mpaka siku ya msiba wake. Nikampitishia bomba juu ya seng'enge kwa furaha, nikijiona nimekuwa mtu wa Bariadi sasa.

"Wabeja, binti wa Lamadi," alinishukuru. "Kumbe mla samaki naye ana moyo wa mkulima."

Wiki moja na nusu ikapita. Asubuhi moja akaja tena, safari hii bila utani, mkononi ameshika tawi.

"Njoo uone. Pamba yangu imeota miguu ya kuku."

Ndivyo ilivyokuwa. Jani la pamba ni pana kama kiganja. Haya mapya ya juu yalikuwa yamebanwa, membamba, yamechongoka na kujikunja, mishipa imevutana kama vidole vya kuku. Sikuwahi kuona kitu kama hicho, lakini mimi pamba yenyewe nilikuwa sijaijua. Nikamwita Mzee Mabula. Tukapita getini tukazunguka mpaka shambani.

Mzee hakugusa hata jani moja kwanza. Aliuliza.

"Mayu, siku ile ulipuliza ukianzia wapi?"

"Hapahapa kwenye uzio."

"Bomba la kwanza liliisha ukiwa wapi?"

Akafikiri, akaenda mpaka mahali. "Hapa. Ndoo ya maji niliiweka hapa, alama yake hii."

"Na la pili?"

"Pale kwenye kichuguu. La tatu nikamalizia kule chini."

Mzee Mabula akaanza kutembea taratibu, mikono nyuma, mstari kwa mstari. Kutoka kwenye uzio mpaka ilipokuwa ndoo, kila mche ulikuwa na miguu ya kuku. Kutoka kwenye ndoo mpaka kichuguuni, majani yalikuwa yamejikunja kidogo tu pembeni. Baada ya kichuguu, pamba ilikuwa pamba, majani mapana yanapeperuka kama hakuna kilichotokea.

Akarudi akasimama katikati yetu.

"Ugonjwa hauwezi kujua mahali mtu alipojaza maji," alisema.

Hakunitazama. Alitazama uzio, muda mrefu, kama anahesabu seng'enge. Nimekuwa na wakubwa wengi baada yake, na wengi walijua kupaza sauti, lakini hakuna aliyejua kuangalia uzio kama Mzee Mabula. Aliniachia mimi mlango wa kusema mwenyewe.

"Mayu," nikasema, "ni bomba langu. Nilipulizia mbigili, nikalisuuza mara moja tu. Mabaki ya dawa ndiyo yamekula pamba yako. Sikujua kama pamba inaichukia dawa ile namna hii."

Mayu Nyanzobe alizitazama kuta zake, zile zisizo na paa. Kisha akanitazama mimi toka kichwani mpaka kwenye mabuti.

"Wewe mla sato. Unajua kuchuma pamba?"

"Sijui, mayu."

"Utajua."

Halafu akaanza kucheka. Si cheko la furaha, bado, lakini lilikuwa cheko, na Mzee Mabula naye akashindwa kujizuia. Nilicheka mimi wa mwisho, huku nalia.

Tulifanya nini? Mkumbuke hili, litawafaa. Mayu alitaka kung'oa ile mistari ya uzioni apande dengu. Mzee akamwambia asubiri. Mche ulikuwa bado unakua, umeonja mabaki na si kinywaji chenyewe, huenda ukajirudi. Hatukupuliza kitu kingine juu yake. Tulichofanya ni kupalilia kwa mkono ili pamba isigombee maji na magugu wakati inaumwa. Kila jioni nikitoka kazini niliingia shambani na kile kisu cha springi. Mvua ikatusaidia; ilinyesha vizuri mwaka ule, Mungu anajua kupanga. Wiki ya nne, kwenye ncha ya mche ulio karibu kabisa na uzio, nikaona jani jipya limefunguka. Lilikuwa pana. Nililichuma, jambo ambalo Mzee alinigombeza baadaye, nikakimbia nalo mpaka kwa Mayu nikipiga kelele kama nimeona mwezi wa Idi.

"Kiganja! Mayu, kiganja!"

Alikuwa anasonga ugali. Aliacha mwiko ndani ya sufuria, akalishika lile jani, akaliweka juu ya kiganja chake kulinganisha. Kisha akapiga kigelegele ambacho kilileta majirani watatu, na ugali ukaungua.

Haikuisha hapo. Pamba iliyougua huchelewa. Wakati mistari ya chini imefunguka nyeupe, ile ya uzioni ilikuwa bado na vitumba vya kijani vilivyofungwa kama ngumi, na siku za ununuzi wa pamba hazimsubiri mtu. Hapo nilijifunza kuchuma. Vidole vyangu vilichanwa na maganda makavu ya vitumba, mgongo ukaniuma mahali ambapo sikujua kuna mgongo, na Mayu alikuwa akipita nyuma yangu akiokota nilichoacha. "Huko Lamadi," alikuwa akisema kwa sauti ili mistari yote isikie, "wanavua samaki nusu, nusu wanamwachia ziwa." Mzee Mabula alikuja kila Jumamosi, akidai anapita tu, na kila Jumamosi alikuwa amebeba gunia.

Tulifikisha mzigo wa mwisho katika wiki ya mwisho ya ununuzi. Ile mistari ya uzioni haikuzaa kama wenzake, sitawadanganya. Lakini kabla mvua za vuli hazijaanza, kuta zile zilipata paa. Nyumba nzima iling'aa mpaka ukiwa getini kwetu ilibidi ukunje macho. Nyumba nzima, isipokuwa chumba kimoja cha pembeni, cha jiko. Bati hazikutosha. Kiliezekwa nyasi, na Mayu akakipa jina: Chumba cha Lamadi. Kila mgeni aliyeuliza kwa nini pale pana nyasi alielezwa habari yangu kuanzia mwanzo, na kila mwaka habari ile iliongezeka nyama.

Siku niliporudi kazini baada ya kuezeka, Mzee Mabula alikuwa na kopo la rangi iliyobaki kwenye geti. Tulilipaka bomba lile rangi nyekundu lote, na ubavuni nikaandika MAGUGU TU. Likanunuliwa jingine, la bluu, kwa ajili ya wadudu. Jekundu halikutoka tena nje ya uzio. Walioomba niliwapa la bluu, na walioudhika niliwapeleka kwa Mayu wakaone Chumba cha Lamadi. Walirudi wakicheka. Kusuuza nako kuna sheria: fuateni lebo, mara tatu au zaidi, na zipo dawa ambazo maji matupu hayaziondoi. Maji ya kusuuzia yasimwagwe mferejini. Dawa ibaki ndani ya chupa yake yenye lebo na namba ya usajili. Isihamishiwe hata siku moja kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Hilo sina utani nalo.

Neema, nimeona picha yako, na bado hujajibiwa. Kwenye pevingi hizo naona mbigili wadogo na ndago wawili watatu. Mbigili ng'oa sasa kwa kisu, bado hawajatoa mbegu. Kazi ya asubuhi moja kwa watu wawili wenye maneno mengi. Ndago wapulizie dawa ya kupenya, mmojammoja, si njia nzima, siku isiyo na dalili ya mvua. Kisha zibeni nyufa kwa mchanga mkavu, maana mbegu inapenda ufa kuliko mtu anavyopenda kivuli. Njia ya moramu ikwanguliwe kwa jembe mara mbili kwa msimu, basi.

Na kwenye baraza ya bwalo, ambapo watu wanakula na watoto wa watumishi wanatambaa, usiweke dawa yoyote. Zamani nilipotaka kununua ya pale, Mzee Mabula alinishika mkono akanipeleka nyuma ya jiko, tukasimama tunatazama wapishi wakimwaga sufuria la maji yanayochemka mtaroni. "Kabula," alisema, "unakwenda mjini kununua kitu cha kuunguza majani?" Tangu siku hiyo wapishi humwaga maji yale kwenye nyufa za baraza, taratibu, watu wakiwa hawapo. Jani dogo halivumilii. Lenye mizizi sugu humwagiwa tena.

Mzee Mabula hayupo tena, ila kisu chake nimekiacha stoo, kwenye msumari wa kushoto. Mayu Nyanzobe yupo, anatembea na mkongojo, na shamba sasa linalimwa na wajukuu. Siku ya kuagwa kwangu, baada ya hotuba, alinivuta kanga akanipeleka kwake kula. Nilibeba sato wawili kutoka nyumbani. Tulikula jikoni. Juu yetu kulikuwa na bati, limewekwa miaka mingi sasa, lakini mjukuu wake alipomwita mwenzake alisema bila kufikiri, "Bibi na mgeni wamo Lamadi." Mayu akanikonyeza.

Ndiyo maana, Neema, jibu la "nipulize nini hapa" halianzi dukani wala kwenye lebo. Kabla hujafungua kopo lolote, tembea mpaka kwenye uzio, simama, uangalie jirani amepanda nini. Kisha ndipo ulishike bomba jekundu.